Hewa Iliyofungwa

Mama mfinyanzi anakwenda sokoni. Kichwani amebeba kikapu kikubwa, na ndani ya kikapu mna vyungu sita. Njia ni ya mawe, yapanda na kushuka, na soko li mbali, mwendo wa saa tatu. Hata hivyo vyungu havigongani, havilii, wala hata kimoja hakipasuki. Kwa sababu gani? Tazama ndani ya kikapu. Chini kabisa mama ametandika nyasi kavu. Kati ya chungu na chungu ameshindilia majani makavu ya migomba. Na juu ya kichwa chake, chini ya kikapu, ameweka ngata ya nguo iliyozungushwa vizuri.

Binti yake anayemfuata nyuma anauliza: «Mama, mbona unabeba nyasi? Wanunuzi hawanunui nyasi.»

Mama anajibu pasipo kugeuza kichwa: «Mwanangu, nyasi hizi ndizo zinazouza vyungu. Siku ile niliyoziacha nyumbani nilifika sokoni na vigae.»

Watu wote wanaosafirisha vyombo vya kuvunjika hufanya kama mama huyu. Huko Ulaya watu walifunga vyombo vya udongo na vioo kwa mabua makavu ya ngano, kwa unga wa mbao uliotoka katika misumeno, au kwa magazeti ya zamani yaliyofinyangwa. Vitu hivi vyote vina kazi moja tu, kukaa katikati ya chombo na pigo. Lakini kuna kitu kingine kinachoweza kufanya kazi hiyo. Hakionekani kwa macho, hakina bei, tena ni chepesi kuliko nyasi. Kitu hicho ni hewa.

Kwa nini glasi huvunjika

Watu husema: glasi imevunjika kwa sababu imeanguka. Si kweli kabisa. Glasi inayoanguka haipati dhara lolote maadamu ingali juu. Inavunjika kwa kusimama, tena kwa kusimama ghafula.

Fikiri glasi ya gramu 200 iliyo juu ya meza ya kimo cha sentimeta 80. Ikianguka, inafika chini kwa mwendo wa karibu mita 4 kwa kila sekunde. Hapo lazima isimame. Lakini sakafu ya simenti haibonyei. Glasi yapaswa kusimama katika nafasi ndogo sana, tuseme milimita 1. Hesabu inaonyesha ya kuwa glasi inayosimama hivyo inapigwa kwa nguvu ipatayo mara 800 ya uzito wake. Ni kama kuitwika mzigo wa kilo 160 kwa nukta moja! Hakuna glasi ya mezani inayovumilia jambo hilo.

Sasa weka chini ya glasi kitu kinachobonyea sentimeta 2, yaani milimita 20. Glasi inafika kwa mwendo ule ule wa mita 4. Lakini nafasi ya kusimama imezidi mara 20, basi nguvu ya pigo nayo yapungua mara 20. Badala ya kilo 160, glasi inapata kilo 8 tu, kama ndoo ya maji isiyojaa. Glasi ile ile, meza ile ile, na glasi haivunjiki.

Kipa hodari anaijua hesabu hii pasipo kuisoma. Mpira unapomjia kwa nguvu hakazi mikono yake kama ukuta. Anaidaka hali mikono inarudi nyuma kidogo, na mpira unasimama polepole kifuani pake.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo kazi ya ngata. Kikapu cha mama kina uzito mmoja, awe na ngata au asiwe nayo. Pasipo ngata uzito wote unakaa mahali padogo juu ya utosi, na kichwa kinauma. Kwa ngata uzito unaenea mahali papana. Pigo nalo ni hivyo hivyo. Pigo la mahali pamoja lapasua. Lile lililoenea latikisa tu. Basi kitu chema cha kufungia vyombo chapaswa kubonyea, na tena chapaswa kuenea na kushika umbo la chombo.

Hewa ina nguvu ya kurudi

Chukua pompi ya baiskeli. Vuta mpini wake mpaka mwisho. Sasa ziba tundu la mbele kwa kidole, nawe usukume mpini. Kwanza unakwenda kwa urahisi. Kisha unakuwa mgumu, na mgumu zaidi, hata mkono unatetemeka. Achilia mpini: kumbe, unarudi wenyewe! Nani ameusukuma? Ni hewa iliyofungwa ndani.

Mtu wa Irlandi, jina lake Robert Boyle, aliipima nguvu hiyo kwa mrija wa kioo uliopindwa na zebaki iliyomiminwa ndani yake. Katika kitabu cha mwaka 1662 alieleza kanuni ambayo watu huiita kwa jina lake mpaka leo: hewa iliyofungwa ikibanwa katika nusu ya nafasi yake, na joto lisipobadilika, nguvu yake ya kusukuma inakuwa mara mbili. Ndiyo sababu hewa ni mlinzi mzuri. Mwanzo wa pigo inakubali kwa upole. Kadiri pigo linavyoingia ndivyo hewa inavyozidi kukataa. Na pigo likiisha, hewa inarudi mahali pake, tayari kwa pigo la pili.

Nyasi hazifanyi hivyo, wala magazeti. Karatasi iliyofinyangwa inasimama imara mara ya kwanza. Lakini pigo la kwanza linailaza, na pigo la pili linakuta karatasi imekwisha lala. Baada ya siku tatu za kutikiswa katika kamyo, magazeti yote yamekusanyika chini ya sanduku, na vyombo vimebaki uchi juu yake.

Lakini hewa ina sharti moja: lazima ifungwe. Glasi inayoanguka chumbani imezungukwa na hewa pande zote, nayo inavunjika vilevile, maana hewa hiyo inakimbia upande. Hewa isiyo na ngozi haimlindi mtu. Basi taabu ya zamani haikuwa kupata hewa. Ilikuwa kupata ngozi, ngozi nyembamba, nyepesi, isiyopasuka upesi, tena ya bei ndogo hata mtu asihuzunike akiitumia kufunga sahani.

Vibofu vya wanyama vilitumika tangu kale kutengeneza mipira ya kuchezea, lakini nani angechinja mbuzi ili afunge glasi moja? Utomvu wa mpira ulikuwa na bei, tena mzito. Ngozi yenyewe ilipatikana mwaka 1933, katika Uingereza, mji wa Northwich. Wataalamu wawili wa kampuni ICI, Eric Fawcett na Reginald Gibson, waliibana gesi iitwayo ethileni kwa nguvu kubwa mno. Walipofungua chombo chao walikuta kitu cheupe kama nta. Kitu hicho ni polietileni, mama wa mifuko mingi ya plastiki ambayo kila mtoto anaijua.

Mapazia mawili ya Hawthorne

Sasa safari inavuka bahari mpaka Marekani, katika jimbo la New Jersey, katika mji mdogo wa Hawthorne. Huko, mwaka 1957, watu wawili walifanya kazi pamoja: Alfred Fielding, injinia, na Marc Chavannes, mvumbuzi Mswisi. Hawakuwa wakiwaza glasi wala vyungu. Waliwaza kuta.

Wamarekani wengi wakati ule walipenda kubandika karatasi za mapambo kwenye kuta za vyumba vyao. Mabwana hao wawili walitaka kutengeneza karatasi ya ukutani ya namna mpya, isiyo laini bali yenye matuta ya kupendeza macho, tena ya plastiki. Wakachukua mapazia mawili ya plastiki, ya namna ile watu wanayotundika mahali pa kuogea, wakayapitisha pamoja katika mashini ya joto ili yashikamane. Mapazia yalishikamana, lakini si kila mahali. Hewa ilibaki katikati, imefungwa katika viputo vingi, yaani mapovu madogo yasiyoweza kutoka.

Kama karatasi ya ukutani, kitu hicho kilishindwa. Watu hawakukitaka. Wakajaribu kazi nyingine. Katika nchi za baridi, wakulima wengine hukuza mimea ndani ya nyumba za vioo ili isife kwa baridi. Hewa iliyofungwa huzuia joto lisitoke. Basi wakafikiri, plastiki hii na ifunike nyumba hizo. Lakini wapi! Kazi hiyo nayo haikuendelea.

Wengi wangeitupa ile plastiki hapo, na pengine wasingelaumiwa. Fielding na Chavannes hawakuitupa. Waliomba hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wao, wakaipata mwaka 1964, na katika mwaka 1960 walikuwa wamekwisha anzisha kampuni. Waliiita Sealed Air, maana yake Hewa Iliyofungwa. Plastiki yenyewe waliiita Bubble Wrap.

Katika mwezi wa Oktoba 1959, kampuni IBM ilitangaza mashini mpya ya kuhesabu, kompyuta iliyoitwa 1401. Haikuwa kompyuta ndogo ya kuwekwa mezani. Ilikuwa makabati mazito yaliyojaa vipande vyepesi vya kuvunjika, na mtu hakuinunua tu kama anavyonunua redio: wengi waliikodi, na kodi yake ilianza na dola 2,500 kwa mwezi. Kompyuta zaidi ya 10,000 za namna hiyo zilitengenezwa katika miaka iliyofuata. Zote zilipaswa kusafiri kwa wenyeji wake. Je, mali kama hiyo ifungwe kwa magazeti ya zamani?

Mtu mmoja wa kampuni ya Fielding na Chavannes, aliyekuwa na kazi ya kutafuta wanunuzi, jina lake Frederick Bowers, aliwaendea IBM na plastiki yake ya viputo, akawaonyesha jinsi inavyolinda. Wakakubali. Viputo vilikuwa vya namna ile ile iliyokataliwa ukutani. Tangu hapo viwanda vingine vilifuata, na gazeti lililofinyangwa likaanza kuondoka katika masanduku.

Jinsi viputo vinavyotengenezwa

Kiwandani huanza na chembe ndogo za polietileni, ndogo kama punje za mtama. Zinayeyushwa kwa joto la digrii 200 na zaidi, kisha zinasukumwa zitoke kama utando mwembamba na mpana. Tando zatoka mbili. Wa kwanza, ukiwa bado na moto, unapita juu ya pipa la chuma linalozunguka. Pipa lina mashimo madogo ya mviringo, na kutoka ndani yake hewa inavutwa. Basi utando unavutwa katika mashimo, unapata matumbo madogo mengi. Mara utando wa pili, usio na matumbo, unafika na kulala juu yake, na kwa kuwa zote mbili zina moto bado zinashikamana. Hewa iliyokuwa tumboni haina mlango tena.

Zamani mlango ulibaki, ila ni mdogo usioonekana. Hewa ilipenya polepole katika plastiki yenyewe, na viputo vilinywea kabla ya safari kwisha. Mafundi wakatafuta dawa: utando mwingine mwembamba wa plastiki ya namna nyingine, ambayo hewa haipiti kwa urahisi.

Viputo vidogo, vyenye kimo cha nusu sentimeta, hufunga vitu vyepesi kama vikombe na miwani. Vikubwa, vya sentimeta moja na zaidi, ni kwa vitu vizito. Mfungaji mzuri hugeuza uso wenye viputo uelekee chombo, tena huzungusha zaidi ya mara moja. Kisha hutikisa kartoni karibu na sikio. Ikilia, kazi haijaisha.

Na kuvipasua? Kila mtoto anayepata kipande cha plastiki hiyo huvipasua viputo kimoja kimoja kwa vidole, pa! pa! pa! Watu wazima wengi hufanya hivyo hivyo wakidhani hawaonekani. Ni mchezo wa raha, lakini kiputo kilichopasuka hakina kazi tena, na plastiki nzima yaweza kufunga vyombo mara nyingi. Watoto wadogo wasivishe kamwe kichwa mfuko wa plastiki wakati wa kucheza. Ngozi isiyoruhusu hewa kutoka hairuhusu hewa kuingia, na mtoto anaweza kufa kwa kukosa pumzi.

Kamyo iliyojaa hewa

Mtu mwenye akili ataona kasoro moja. Kiwanda kinafunga hewa ndani ya plastiki, kinazungusha plastiki iwe mzingo mkubwa kama tangi, kinapakia mizingo katika kamyo. Kamyo inajaa mpaka juu, nayo imebeba nini? Hewa! Mafuta yanachomwa ili kupeleka hewa mahali ambapo hewa imejaa tele.

Basi mafundi wakageuza mambo. Plastiki isafiri ikiwa tambarare kama karatasi, na hewa ipatikane kule kule inakotumika. Mashini ndogo ya mezani inashika utando wenye mifuko mitupu iliyopangwa kwa mstari, inapuliza mfuko, inaubana kwa joto ili ujifunge, na kusukuma mwingine. Inatoka mito midogo ya hewa, mmoja baada ya mwingine, kama soseji. Mito hiyo hujaza nafasi tupu katika kartoni ili chombo kisitembee ndani. Mwaka 2015 hata kampuni Sealed Air ilitangaza Bubble Wrap ya namna hiyo, na ikasema ya kuwa mzingo wake mtupu unachukua nafasi kama moja ya hamsini ya ule wa zamani. Viputo vyake vimeunganishwa kwa vijia, basi ukikibonyeza kimoja, hewa inahamia kwa jirani na hakuna kinachopasuka. Magazeti yalijaa masikitiko ya watu waliopenda ile pa! pa!

Namna nyingine ni mifuko yenye mirija mingi iliyosimama bega kwa bega, kila mrija na mlango wake mdogo unaoruhusu hewa kuingia tu. Mrija mmoja ukitobolewa, mingine inabaki imejaa. Chupa inawekwa katikati kama mtoto katika mbeleko.

Na kuna mifuko mikubwa kuliko mtu, ya kuwekwa katikati ya mizigo ndani ya kamyo, behewa la gari la moshi au kontena la meli. Ndani ni plastiki, nje ni karatasi ngumu au kitambaa cha plastiki kilichofumwa. Huingizwa mitupu katika mwanya kati ya mizigo, kisha hujazwa kwa pompi, na mizigo ya tani nyingi inabanwa isigongane. Hewa yake si nyingi, ni kidogo sana kuliko ile ya gurudumu la motokari. Lakini kwa kuwa mfuko ni mpana, nguvu yake yote pamoja ni kubwa ajabu. Kwa sababu hiyo mfuko hauwekwi kuegemea milango ya kontena. Mtu anayefungua mlango uliosukumwa na mfuko wa hewa aweza kuangushwa na mlango wenyewe.

Safari ya chupa hamsini

Fikiri kartoni yenye chupa 50 za dawa. Imeshushwa kutoka meli katika bandari ya Dar es Salaam. Inapakiwa katika gari la moshi mpaka Kigoma, kandokando ya Ziwa Tanganyika. Hapo inashushwa, inapakiwa katika mashua, inavuka ziwa mpaka Kalemie. Inashushwa tena, inapanda kamyo, na barabara ni mashimo. Mwisho labda inafungwa nyuma ya baiskeli, kwa maana dispanseri iko mbali na barabara. Kila mahali mkono mmoja unaipokea kutoka mkono mwingine, na mikono huchoka. Mpakizi aliyebeba mizigo tangu asubuhi haiweki ya mia kama alivyoiweka ya kwanza.

Chupa moja ikivunjika njiani, hasara si chupa moja. Dawa inamwagika juu ya nyingine, inalowanisha karatasi zilizoandikwa majina. Muuguzi anafungua kartoni, anakuta chupa 49 nzima, lakini kumi au kumi na mbili hazisomeki. Anazitazama. Huenda ni zile zile anazozihitaji. Anaziweka kando, kwa maana dawa isiyojulikana jina haipewi mtu. Mama aliyelaza mtoto magotini anarudi nyumbani kungoja kartoni nyingine.

Hewa nayo husumbuliwa na safari, hasa na milima. Vyombo vingi vya Goma na Bukavu hupandishwa kutoka bandari ya Mombasa kwa kamyo, kupitia Kenya, Uganda na Rwanda. Karibu na Timboroa, katika Kenya, barabara inapita juu ya mita 2,500. Huko hewa ya nje inasukuma kwa karibu robo tatu tu ya nguvu yake ya pwani. Mkumbuke Robert Boyle: mto uliofungwa Mombasa na lita 3 za hewa utataka huko juu nafasi ya karibu lita 4. Ukiwa ulijazwa mpaka ukawa mgumu kama ngoma, mishono yake inaumia, au unapasuka. Mto mgumu mno ni mbaya hata pwani, kwa kuwa haubonyei. Unarusha chombo kama mpira. Mfungaji anayejua kazi huacha ulegevu kidogo, kidole kiweze kubonyea.

Misumari ya masanduku, pembe za chuma, jua kali juu ya bati la kamyo: hao ni maadui wengine wa hewa iliyofungwa, na maelezo yao ni mafupi. Tundu moja tu latosha.

Baada ya kufungua

Chombo kimefika salama. Plastiki imebaki sakafuni. Nyasi za mama mfinyanzi huliwa na mbuzi au huoza shambani katika mvua chache. Polietileni haiozi hivyo. Inakaa miaka mingi, inaziba mifereji, na mbuzi akiila aweza kufa kwa tumbo lililozibwa. Ikichomwa karibu na nyumba, moshi wake ni mbaya kwa kifua.

Serikali nyingi zimeliona jambo hili. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki kwa sheria ya mwaka 2008. Kenya ilifuata mwaka 2017, na mwisho wa mwaka huo huo serikali ya Kongo ilitoa amri juu ya mifuko na vifungio vya plastiki. Kutoa amri ni kazi ya siku moja, na kuitimiza ni kazi ndefu. Mtu yeyote apitaye kando ya mifereji ya miji mikubwa anaona.

Wauzaji wakubwa nao walilazimika kufikiri. Mwaka 2024 kampuni Amazon ya Marekani, inayotuma vifurushi vingi kupita kadiri, ilitangaza ya kuwa imeondoa karibu mito yote ya hewa katika vifurushi vyake vya Amerika ya Kaskazini. Kwa hesabu yake mwenyewe, mito iliyoachwa ilikuwa karibu bilioni 15 kwa mwaka. Ikaweka nini badala yake? Karatasi iliyofinyangwa na mashini! Ile karatasi iliyofukuzwa na viputo katika miaka ya 1960 imerudi katika kartoni. Kwa kitabu au shati karatasi yatosha. Kwa kioo chembamba kinachosafiri mbali, wafungaji wengi hawajaiacha hewa.

Jaribio

Tafuta kartoni ndogo na mifuko minne midogo ya plastiki isiyotoboka. Tafuta na yai. Yai bovu latosha, maana yai zima ni chakula. Puliza mifuko, lakini usiijaze kabisa, uifunge kwa uzi. Weka yai katikati ya mifuko ndani ya kartoni, funga kartoni, uiangushe toka kimo cha goti, kisha toka kimo cha meza. Fungua utazame. Rudia na mifuko iliyojazwa mpaka imekuwa migumu. Rudia tena bila mfuko hata mmoja, lakini nje ya nyumba, kwa sababu ya harufu.

Maulizo

Mama mfinyanzi alibeba nyasi za nini?

Glasi inayoanguka huvunjika kwa sababu gani?

Glasi ya gramu 200 inapigwa kwa kilo ngapi ikisimama katika milimita 1? Na ikisimama katika milimita 40?

Kwa nini hewa iliyo chumbani haiilindi glasi, lakini hewa iliyo ndani ya kiputo yailinda?

Fielding na Chavannes walitaka kutengeneza kitu gani kwanza? Walijaribu kazi gani ya pili?

Kwa nini muuguzi hakuzitumia chupa nzima ambazo karatasi zake zimelowa?

Mto wa hewa umefungwa Bukavu, milimani, ukapelekwa Mombasa, pwani. Utavimba au utanywea? Eleza kwa kanuni ya Boyle.

Ni vitu gani vya kijijini mwako ambavyo watu hutumia kufunga mayai, vyungu au chupa? Kipi kinarudi baada ya kubonyezwa, na kipi kinalala?